Anwani Iliyomzika Mzee Ogari

Sura ya Nne

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Jamhuri ya Kenya," alitangaza Inspekta Nyangate, mkono mmoja kifuani na mwingine hewani kama mhubiri wa sokoni, "kuanzia dakika hii duka hili ni eneo la uhalifu! Asiingie mtu! Asitoke mtu! Asiguse mtu chochote!"

"Wewe ndiye umegusa," Disha alisema bila kuinua macho. "Umekanyaga waya wa simu. Umetukata mtandao."

Inspekta akatazama chini. Kiatu chake cha kulia, kilichopigwa rangi hadi kikawa kioo, kilikuwa kimesimama imara juu ya waya mweusi uliotoka ukutani kwenda kwenye modemu. Akauondoa mguu polepole, kwa heshima yote ya cheo chake. Modemu ikakoroma, ikapiga mluzi, ikanyamaza.

"Laini imeshikwa," Disha akasema. "Sasa tungoje."

Basi uchunguzi rasmi wa kifo cha Mzee Ogari ukaanza kwa kungoja simu.

Kifo chenyewe kilikuwa na kasoro moja ndogo: marehemu alikuwa hai. Alikuwa ameketi kwenye benchi la baraza, nje ya duka la Tarsem mjini Kisii, fimbo katikati ya magoti, akiguguna muhindi wa kuchoma kwa hasira. Kila mpita njia aliyemjua alisimama, akashika mdomo, akaenda zake mbio. Mzee alikataa kuingia ndani. "Sitaingia," alisema, "mpaka mniambie ni nani amenizika."

Mambo yalikuwa hivi. Tarsem aliuza vitabu vya shule, kalamu na karatasi, na kupiga chapa barua za watu tangu zamani. Mwaka juzi binti yake Disha alirudi kutoka masomoni Uingereza akiwa na ujuzi wa kompyuta, na mwaka huu wa 1999 alikuwa ameanzisha tovuti iitwayo Habari za Nyumbani. Watoto wa Kisii na Nyamira walioko Marekani waliifungua kila asubuhi yao kusoma nani ameoa, nani amejenga, nani amefariki. Na wiki iliyopita walisoma hivi: *Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Ogari wa Birongo. Atazikwa nyumbani kwake, Birongo.*

Mwanawe mkubwa, Onsongo, alipiga simu sokoni Gesima kutoka Marekani akilia kama mtoto. Sabato iliyofuata kwaya nzima ya kanisa ilipanda mlima hadi bomani kwa Mzee Ogari ikiimba nyimbo za faraja, na aliyewafungulia mlango ni Mzee Ogari mwenyewe, akiwa na kikombe cha uji mkononi. Sauti ya tatu ilikimbia hadi barabarani. Mwalimu wa kwaya hadi leo hajarudi.

Lakini si kufa kulikomkasirisha mzee. Kufa ni kosa, na kosa husahihishwa. Kilichomchoma ni Birongo. Huko alikuwa na kipande cha shamba alichonunua, cha migomba tu, hakuna hata kibanda. Boma lake liko Gesima, baba yake amelala Gesima. Mtu mzima, mzee wa kanisa, kuzikwa katikati ya migomba ya kununua kama mgeni asiye na kwao! Hilo halikuwa tangazo. Lilikuwa tusi.

"Leteni mshukiwa," akasema Inspekta.

Mshukiwa hakuwa wa kuletwa. Alikuwa amesimama pale pale karibu na rafu ya madaftari. Mokeira, mke wa mwalimu Anyona, ambaye ni kitinda mimba wa Mzee Ogari. Kazi yake dukani ilikuwa kupokea matangazo kwa simu na kuyaingiza kwenye tovuti. Nani mwingine angemzika mzee? Tangu Sabato ile alikuwa amefukuzwa Gesima, akarudi kwa wazazi wake Nyacheki na mfuko mmoja wa nguo, ule ule aliokuja nao leo akidhani atafungwa. Mtoto wake wa miaka miwili alibakizwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kidevu kilikuwa juu.

Na mbele yake, khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kuvuka mto, alisimama mama mkwe wake, Tryphosa.

"Mfunge!" Tryphosa alisema. "Unangoja nini, Afande? Tangu aje kwangu hataki kuchuma majani chai. Hataki! Kazi yake ni kubonyeza-bonyeza hapa mjini. Nilimwambia, akanuna. Akanuna, akaenda, akamuua mume wangu!"

"Mama, mimi sikufanya," Mokeira akasema.

"Usiniite mama!"

"Kimya!" Inspekta akanguruma. "Hapa nauliza mimi. Nitaanza na mtambo, kisha nije kwa watu. Wewe binti wa Tarsem. Nieleze. Mtu akitaka kusoma tangazo, anafanyaje?"

"Anafungua ukurasa wa mbele. Anaona orodha. Anabofya jina."

"Na kule juu, yale maandishi?"

"Ile ni anwani. Kila ukurasa una anwani yake. Slashi, mazishi, slashi, Gesima, slashi, jina. Harusi vilevile. Slashi harusi, slashi Nyacheki, slashi jina la bwana harusi."

"Jina la mtu wazi wazi namna hiyo! Mbona hamtumii namba, kama watu wa serikali?"

Disha aligeuka kwenye kiti. Yeye pia alikuwa amekasirika tangu asubuhi, maana Inspekta alikuwa amekwisha kumwita mshirika wa jinai mara mbili.

"Tulitumia namba. Mwanzoni. Anwani ilikuwa na alama ya kuuliza, herufi, alama ya sawasawa, namba, herufi tena. Mtu yuko Marekani anataka kumwambia dada yake mahali pa kusoma. Simu inakwaruza. Anasema, saba. Huyu anasikia, saa. Wanaanza tena. Simu inakatika. Ukurasa wenyewe hajauona. Nikasema hapana, anwani iwe kitu ambacho mtu anaweza kukisema kwa mdomo na mwingine akakishika. Nyanya anaweza kusema, mazishi, Gesima, fulani. Amemaliza."

"Ni kama kumwelekeza mtu nyumbani," Tarsem akadakia kutoka kaunta, akijipepea na daftari. "Unasema pita kanisani, shuka mtoni, uliza kwa fulani. Husemi nyumba namba elfu nne mia saba, Afande. Ukisema hivyo utalala nje."

"Mzee Tarsem, sijakuuliza."

"Nimekupa bure."

Inspekta akavuta koti lake. "Hayo yote nayajua. Mimi tangazo lile nililisoma kwa macho yangu mawili, hapa hapa, kwenye kompyuta ile ya wateja. Nililisoma kabla hata familia haijajua! Kwa hiyo msifikiri mnaongea na mshamba. Marehemu ni mtu ninayemfahamu, jirani wa Birongo…"

"Wa Gesima!" Tryphosa akamkata.

"Wa Gesima," akakubali, akikunja uso. "Mokeira! Keti hapa."

Mokeira akaketi mbele ya kompyuta. Laini ilikuwa imepatikana. Skrini ilikuwa tayari. Inspekta alisimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani wa taifa.

"Hili ni jaribio la kitaalamu," akasema. "Mkono wa mhalifu hukumbuka njia yake. Andika anwani ya tangazo lile. Sasa hivi, mbele yangu."

Vidole vya Mokeira vilikimbia. Slashi. Mazishi. Slashi. Birongo. Slashi.

Vikasimama.

"Malizia."

Mokeira akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Nimesema malizia! Limebaki jina."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, Afande."

"Aha!" Inspekta alizunguka kiti, akainama, pua yake ikakaribia pua ya mshukiwa. "Huwezi kwa sababu dhamiri inakusuta! Mkono uliomzika mzee unaogopa kumzika mara ya pili! Mzee Tarsem, wewe ni shahidi. Mama, wewe ni shahidi." Pingu zikatoka mfukoni zikilia. "Mokeira, mke wa Anyona, ninakukamata kwa…"

"Wee! Ngoja kwanza."

Aliyesema ni Tryphosa. Alikuwa amefungua khanga kiunoni na kuifunga upya, jambo ambalo mikono yake ilifanya yenyewe. Alimtazama Mokeira, akamtazama Inspekta, na hasira yote aliyopanda nayo kutoka Gesima ikageuka kama ng'ombe aliyekataa daraja.

"Nyangate, wewe ni Omogusii ama ni wa wapi?"

"Mama, usiingilie…"

"Nakuuliza! Mama yako alikulea ama ulilelewa na bweni? Hilo ni jina la baba mkwe wake. Huyu ni omokamwana, mke wa mwanangu. Atalisemaje?"

"Sikumwambia aseme. Nimemwambia aandike."

"Na vidole ni vya nani? Vya jirani?"

Tarsem akakohoa. Inspekta akafungua mdomo, lakini Tryphosa hakuwa amemaliza.

"Miaka minne amekaa kwangu. Mvivu wa majani chai, huo ni ukweli, na nitausema hata mbele ya mchungaji. Lakini jina la mzee halijatoka kwake, hata siku moja. Akimwita kula husema, babu ya mtoto. Kalenda ya chama cha majani chai ina jina la mzee juu, akiifuta vumbi hasomi. Nimekuja hapa kumwona akifungwa. Nilitaka kumwona akifungwa! Lakini uongo siwezi. Huyu hakuandika."

Machozi yalimtelemka Mokeira, akayaacha.

"Heshima ni ya mbele za watu," Inspekta akasema kwa ukali. "Akiwa peke yake na mtambo, nani angemwona?"

"Nina jibu la hilo," Disha akasema, na sauti yake sasa ilikuwa na kitu kipya. "Mwezi wa nne shemeji yake, ndugu wa Anyona, alioa. Tangazo aliliingiza Mokeira. Mimi na Baba tulikuwa Kisumu, duka lilifungwa, alikuwa peke yake humu. Niliporudi nikakuta kila kitu kiko sawa, isipokuwa mahali pa jina la baba ya bwana harusi. Ameacha wazi. Nilimuuliza, akaniambia nijaze mimi. Nilifikiri amesahau."

"Peke yake," Tarsem akarudia. "Mlango umefungwa. Hakuna mtu. Na bado ameacha wazi. Afande, hiyo imeingia wavuni."

Nadharia ya Inspekta Nyangate, iliyokuwa imesimama wima tangu asubuhi, ikaketi chini. Mwenyewe hakuketi. Alipiga meza hadi panya ya kompyuta ikaruka.

"Basi nani? Tangazo halijiandiki! Kuna mkono! Nataka mkono!"

Disha alikuwa ameganda, macho kwenye skrini, kwenye anwani ile isiyo na mkia aliyoiacha Mokeira. Halafu akavuta kibodi, akaandika herufi nane, akabonyeza.

Ukurasa ukaja polepole, mstari kwa mstari, kama kawaida ya simu za Kisii.

*Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Nyangate wa Birongo. Atazikwa nyumbani kwake, Birongo.*

Inspekta alisoma. Akasoma tena. Mishipa ya shingo ikatoka kama mizizi ya mkuyu.

"Umeniua! Umemuua afisa wa polisi akiwa kazini! Mbele yake!"

"Sijaandika tangazo lolote," Disha akasema. "Umeniona. Nimeandika anwani tu. Mungu wangu. Anwani tu!" Akajipiga kwenye paji la uso. "Mjinga mimi, mjinga mkubwa! Nilitengeneza hivi kwa ajili ya Mokeira. Simu ikiingia hana muda, anaandika anwani, programu inafungua ukurasa wenye maneno tayari, inachukua jina na mahali kutoka kwenye anwani yenyewe, na inauweka kwenye orodha ya mbele. Kisha yeye anakaa na kuurekebisha. Lakini programu haiulizi kama kuna mtu amekufa. Haiulizi anayeandika ni nani. Inatakiwa kuangalia kwanza: ukurasa upo? Kama haupo, iseme haupo, ikae kimya. Yangu haisemi haupo. Ukiitajia jina, inamzika."

"Na orodha sasa inasema nimekufa?"

"Ndiyo."

"Ifute! Ifute mara moja!"

"Nafuta, nafuta."

"Kwa hiyo," Tryphosa akauliza polepole, "mtu yeyote angeweza?"

"Mtu yeyote anayeandika anwani kwa mkono. Lakini nani huandika anwani kwa mkono? Wateja wote wanabofya. Sikufikiri hata siku moja kwamba kuna mtu atakaa aibuni anwani kichwani mwake."

"Hapo ndipo mlipokosea," akasema Inspekta, ambaye hasira haikuwahi kumzuia kufundisha. "Mliifanya isomeke, halafu mkashangaa imesomwa! Mpangilio uko wazi. Kwanza jambo, kisha mahali, kisha jina. Mwenye akili timamu haangalii orodha ndefu ile. Anaandika anachotaka, anapata. Mimi niliuona mpangilio huo mara ya kwanza tu nilipokaa pale!"

Wote wakamgeukia.

Hata Tarsem aliacha kujipepea. Inspekta alisubiri mtu amsifu, na hakuna aliyemsifu.

Ubao wa sakafu ukalia. Marehemu alikuwa ameingia.

"Bwakire, Afande," Mzee Ogari akasema. Alikuwa ameacha muhindi nje, fimbo ilikuwa mkononi. "Nimesikia kila kitu, dirisha lenu halifungi. Sasa niruhusu mimi niulize. Wewe uliuliza asubuhi nzima."

"Mzee, utaratibu wa polisi…"

"Tangazo langu ulilisoma kabla ya familia."

"Ndiyo."

"Uliliona kwenye orodha, ukabofya."

"Hapana. Kwenye orodha halikuwepo. Niliandika…"

Akasimama pale. Mdomo ulibaki wazi, lakini sauti ilikuwa imeshuka kituo kilichotangulia.

"Uliandika nini?" mzee akauliza.

Inspekta akaangalia dari. Dari haikuwa na ushahidi wowote.

"Dunia nzima inanijua kwa jina la Gesima," mzee akaendelea, akisogea hatua moja. "Kanisa, chama cha majani chai, wakwe zangu, hata wanaonichukia. Ni nani duniani, akiwaza jina langu, anawaza Birongo? Ni yule ambaye shamba lake limepakana na migomba yangu. Mko wangapi, Afande? Upande wa juu ni shule. Upande wa chini ni mto. Huku ni barabara. Huku…"

"Nilitaka kujua tu!" Inspekta akapasuka. "Hukuonekana shambani wiki tatu! Watu wakasema unaumwa!"

"Goti liliniuma."

"Nitajuaje ni goti?"

"Ungeuliza!"

"Hatusemezani! Tangu yale ya mpaka, wewe husalimii, mimi sisalimii! Ningeuliza vipi?"

"Kwa hiyo ukaiuliza kompyuta."

"Nikaandika kuona kama kuna tangazo. Kuona tu! Ikasema ndiyo."

"Hiyo kompyuta," Tarsem akasema kwa upole, "haijawahi kumkatalia mteja."

Hakuna aliyecheka. Mokeira alikuwa amesimama. Alikuwa mwembamba kando ya Inspekta, na Inspekta alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa rafu.

"Ulikuja nyumbani kwa mama yangu Nyacheki," Mokeira akasema. "Na gari la polisi. Mbele ya majirani. Ukaniita muuaji. Mtoto wangu analala na nani usiku, unajua?"

"Analala na mimi," Tryphosa akasema, akitazama sakafu. "Anakuulizia."

"Nilifuata ushahidi," Inspekta akasema, na kila mtu akasikia jinsi neno lile lilivyokuwa limechakaa.

Mzee Ogari alikuwa bado anamchunguza, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza ng'ombe akitafuna kwenye shamba lisilo lake.

"Ukasoma kwamba nimekufa," akasema. "Hukuja kwangu kutoa pole. Hukupeleka habari kwa familia. Ulikwenda wapi?"

"Kazini."

"Na baada ya kazi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani Birongo. Na ukafanya nini Birongo, Nyangate?"

Mpelelezi aliyewahi kumfanya mwizi wa ng'ombe akiri kwa kumkazia macho tu, sasa alikaziwa macho na maiti yake mwenyewe.

"Nilipanda," akasema.

"Sikusikia."

"Nilipanda migomba. Mstari mmoja. Mmoja tu!"

"Upande gani wa mpaka?"

Jibu halikuhitajika, lakini mzee alilingoja, na fimbo ikalingoja.

"Upande wako."

Tryphosa akatoa mlio ambao hauna herufi. Disha akageukia skrini haraka, mabega yakitikisika. Mzee Ogari hakupiga mtu. Alisimama tu, akipumua kwa nguvu, akingoja hasira ishuke hadi mahali anapoweza kuzungumza nayo.

"Migomba utaing'oa mwenyewe, kwa mikono, bila jembe," akasema mwishowe. "Hayo ni kati yangu na wewe. Lakini mimi sikulala nje ya nyumba yangu. Mimi sikunyang'anywa mtoto. Kwa hiyo sitaki kusikia 'ushahidi', wala 'mtambo', wala 'Jamhuri'. Sema ulichofanya."

"Ni mimi," Inspekta akakiambia kifua cha koti lake. "Niliandika jina. Niliamini kwa sababu nilipenda kuamini. Kisha nikamsingizia mwingine, kwa sababu kompyuta ni kazi yake."

"Unaniambia mimi kwa nini? Mimi ni marehemu." Mzee akanyoosha fimbo kumwelekea Mokeira. "Omokamwana wangu yuko pale."

Tryphosa alikuwa amekwisha kuuokota mfuko wa nguo wa Mokeira na kuubeba begani mwake, bila kumwomba mtu ruhusa, na hakuonekana kama mtu atakayeuweka chini kabla ya Gesima. Lakini Mokeira hakuondoka. Alikunja mikono akangoja.

Inspekta Nyangate akavua kofia, akamgeukia, akaanza upya.